Jicho Linalong'aa Katika Picha

Kila muhula tunafanya mdahalo juu ya simu. Maneno ya hoja hubadilika kidogo, lakini kiini ni kile kile, kwamba simu zimewaletea vijana hasara kuliko faida. Na upande wa hasara hushinda kila mara, labda kwa sababu walimu huketi safu ya mbele. Sina nia ya kuufufua mdahalo huo katika gazeti letu. Shule nyingi za bweni nchini Uganda zinakataza simu, na yetu ni mojawapo, nami niliyeishi bwenini miaka hii yote naona ni vema, maana tungekuwa nazo tusingelala. Nataka kusema juu ya simu nyingine: za mama zetu na dada zetu, na za ninyi wanafunzi wa zamani mnaolisoma gazeti hili nyumbani, watoto wakicheza miguuni penu. Simu hizo zimejaa picha za watoto wadogo. Katika baadhi ya picha hizo, chache sana, mna ugonjwa unaoonekana wazi, wala hapana anayeutazama.

Zamani mzazi wa Nakawa aliyetaka picha ya mtoto wake alimwogesha, akamvika nguo za sikukuu, akampeleka kwa mpiga picha mwenye studio, na baada ya siku kadhaa akapata picha moja ya kutundika ukutani. Leo mtoto wa miezi mitatu ana picha mia mbili katika simu ya shangazi yake: hapa analia, hapa amelala, hapa ni kidole chake cha mguu tu. Wazee husema ni upuuzi, na pengine ni upuuzi kweli. Lakini jambo nitakaloeleza lahitaji picha nyingi, na kwa hiyo upuuzi huo umetufaa bila sisi kujua.

Mboni ya jicho ni tundu. Taa ya kamera ikiwaka, mwanga huingia katika tundu hilo ukafika nyuma ya jicho, penye utando mwembamba uitwao retina. Mahali hapo pana mishipa mingi ya damu, kwa hiyo mwanga unaporudi nje huwa na wekundu. Ndiyo sababu watu waliopigwa picha usiku hutokea na macho mekundu kama majitu ya hadithi. Wekundu huo haupendezi, lakini ni habari njema, maana waonyesha kwamba njia ya mwanga ni safi. Ndani ya jicho mkiwa na kitu cheupe, mwanga hugonga hapo na kurudi mweupe, au wa manjano kidogo, kama jicho la paka aliyemulikwa na taa za motokaa.

Kitu hicho cheupe chaweza kuwa mtoto wa jicho, kwa maana ugonjwa huu si wa wazee peke yao. Wako watoto wanaozaliwa nao, hasa ikiwa mama alipata rubela akiwa mjamzito. Mzee mwenye mtoto wa jicho akicheleweshwa miaka mitatu, kisha akapasuliwa, ataona tena. Mtoto mchanga sivyo. Ubongo wake hujifunza kuona katika miezi ya kwanza ya maisha, na usipoletewa mwanga wakati huo, hata jicho likisafishwa baadaye ubongo haujui kulitumia sawasawa.

Au kitu hicho chaweza kuwa uvimbe wa saratani, yaani kansa, uitwao retinoblastoma. Huwapata watoto wadogo, karibu wote walio chini ya miaka mitano. Mwanzoni hauumi. Mtoto hunyonya, hutambaa, hucheka na wageni, na uvimbe wakua. Pengine jicho moja huanza kwenda upande, na watu husema ni makengeza ya ukoo. Uvimbe ukiwa bado ndani ya jicho mtoto aweza kupona kabisa, na akiwahi sana aweza hata kubaki na jicho lenyewe. Ukiufuata mshipa wa jicho mpaka ubongoni, au ukatoka nje, basi huua.

Huko Marekani, katika jimbo la Texas, yuko mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Baylor, jina lake Bryan Shaw. Mwanawe Noah aligunduliwa ana retinoblastoma akiwa na miezi minne, na jicho lake moja likaondolewa. Baadaye baba huyo akakaa kuzipitia picha zote za familia, maelfu ya picha, moja baada ya nyingine, akiandika tarehe na rangi ya mboni. Akakuta picha ya mtoto akiwa na siku 12 tu tangu kuzaliwa, na jicho tayari linang'aa weupe. Kamera ilikuwa imeliona zamani! Akashirikiana na mwalimu wa kompyuta, Greg Hamerly, na mwaka 2014 wakatoa programu ya simu inayozipitia picha zilizomo na kumwonyesha mzazi zile zenye mboni nyeupe. Ilitolewa bure.

Mwaka 2019 walieleza jinsi walivyoipima. Walichukua picha zaidi ya 50,000 za watoto 40, wote zilizopigwa na wazazi wao katika maisha ya kawaida, wala si hospitalini. Watoto 20 kati yao walikuwa na ugonjwa wa macho. Programu iliwatambua 16, na kwa wastani weupe ulionekana katika picha zaidi ya mwaka mmoja kabla daktari hajautaja ugonjwa. Nawaombeni msiwasahau wale wanne waliobaki, maana nitawarudia.

Wengine wamefuata njia hiyo. Mjini Guangzhou, China, mwaka 2023, madaktari walieleza mtambo wa simu unaomtazama mtoto mchanga jinsi anavyokodolea picha za kuchekesha kwenye kioo, na kwa mwendo wa macho yake hukisia kama ana moja ya magonjwa 16. Karibu nasi zaidi, Ethiopia, watoto zaidi ya elfu moja wamepigwa picha ili kuifundisha programu nyingine kutambua mboni nyeupe. Habari hii ya Ethiopia mimi naiona kubwa kuliko ya China. Programu hizi hujifunza kwa mifano, kama sisi. Mwanafunzi aliyejisomea karatasi za mtihani za Uingereza tu atatatizika akikuta swali la muhogo na matoke. Macho yetu yana rangi nyingi nyuma ya retina, na wekundu wake katika picha hufifia kuliko wa macho ya Wazungu. Mtambo uliolelewa na picha za Texas lazima uonyeshwe watoto wa Kinawataka na Banda kabla haujaaminiwa hapa.

Sasa tuje kwetu, na hapa naomba karatasi na kalamu. Inakadiriwa kwamba mtoto mmoja katika kila watoto 16,000 mpaka 18,000 wanaozaliwa hupata retinoblastoma. Uganda huzaliwa watoto zaidi ya milioni moja na nusu kila mwaka. Gawanyeni wenyewe; mtapata watoto karibu 90. Ukiwalinganisha na wanaougua malaria ni wachache, nakubali. Lakini ni darasa zima la shule ya msingi, tena kila mwaka.

Mwaka 2020 madaktari wa nchi zaidi ya 150 walitangaza habari za watoto 4,351 waliogunduliwa katika mwaka 2017. Katika nchi tajiri, umri wa kati wa mtoto siku ya kugunduliwa ulikuwa miezi 14. Katika nchi maskini ulikuwa miezi 30. Na katika nchi maskini karibu nusu ya watoto walifika hospitali uvimbe umekwisha kutoka nje ya jicho, ambapo katika nchi tajiri hawakufika wawili katika mia.

Thelathini kutoa kumi na nne ni kumi na sita. Miezi hiyo 16 huenda wapi? Watu wanaozisifu programu za simu hujibu upesi kwamba imepotea kwa sababu hakuna aliyeona. Laiti ingekuwa hivyo, tungenunua simu na kazi ingekwisha.

Nitawaeleza habari za mtoto wa jirani yetu, ambaye simtaji jina, wala jina la mama yake. Mama aliona weupe katika jicho mtoto akiwa na miezi sita hivi. Aliuona jioni, akimnyonyesha karibu na taa, akashituka. Akamwita mama mkwe. "Mama, tazama hapa, jicho hili linang'aa." Mama mkwe akatazama, akasema, "Mwanangu, mwache, ni macho ya babu yake hayo. Naye aliona mpaka akafa." Wiki chache zikapita. Akaenda duka la dawa akauziwa matone. Halafu akaenda zahanati moja, akapewa dawa ya kupaka, ile ya tyubu ndogo, akaambiwa arudi isipopona. Akarudi. Akapewa tyubu ya pili. Mara ya tatu alimkuta mhudumu mwingine, msichana ambaye ndiyo kwanza ametoka chuoni, naye alipomulika tochi tu akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa siku ile ile. Barua ikakaa nyumbani miezi, kwa sababu ya nauli, na kwa sababu baba alikuwa safarini, na kwa sababu mdogo wake mtoto alikuwa karibu kuzaliwa. Walipofika, mtoto alikuwa amekwisha kupita miaka miwili. Daktari akasema jicho liondolewe. Baba akakataa, akamchukua mtoto nyumbani. Ilibidi wazee wa kanisa waje mara mbili kumsihi.

Mtoto yule yu hai, namshukuru Mungu. Ana jicho la bandia, na tukiwa likizoni hutupiga mabao kati ya vibanda vya Kinawataka bila huruma. Lakini hesabuni miezi yake. Mama aliona mapema kabisa! Simu gani ingemwonyesha zaidi ya alivyoona kwa macho yake mwenyewe? Miezi iliyopotea kabla ya mtu kuona ni michache. Mingi ilipotea baada ya kuona, mmoja nyumbani, mingine dukani na zahanati, mingi zaidi juu ya kabati ilipokaa barua. Jambo moja tu ambalo simu ingeweza kulifanya, nami nalithamini, ni kumpa mama yule shahidi. Neno la mama kijana halina uzito mbele ya mama mkwe wala mbele ya mhudumu aliyechoka. Picha tano za tarehe mbalimbali, zote zenye mboni nyeupe upande ule ule, zingekuwa na uzito.

Kuna jaribio lililofanyika jirani, Kenya, katika kaunti ya Trans Nzoia, ambalo lapasa kusomwa na kila mtu anayependa mitambo. Daktari wa macho Mwingereza, Andrew Bastawrous, alikuwa amekwenda Kenya kuchunguza macho ya watu wa Nakuru, akaona shida ya kubeba vyombo vizito vya hospitali kwenye vijiji visivyo na umeme, naye na wenzake wakatunga programu ya kupima macho kwa simu, ikaitwa Peek. Kisha Daktari Hillary Rono wa Kitale na wenzake wakaijaribu katika shule 50. Walimu wa kawaida, si madaktari, waliwapima wanafunzi zaidi ya 20,000. Katika shule 25 walitumia simu. Mtoto aliyeshindwa, mzazi wake aliletewa picha ya kumwonyesha jinsi mwanawe anavyouona ulimwengu, na halafu ujumbe wa kumkumbusha kwenda hospitali. Katika shule 25 nyingine walitumia kibao cha karatasi na barua, kama desturi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Kati ya watoto waliotakiwa kwenda hospitali, wa upande wa barua walikwenda 22 katika mia. Wa upande wa simu walikwenda 54 katika mia.

Watu hulisoma jambo hili na kushangilia simu. Mimi naona lililowasukuma wazazi si kupimwa kwa simu, maana watoto wa pande zote mbili walipimwa na kuambiwa waende. Kilichowasukuma ni kwamba mtu aliwafuata. Alionyeshwa, akakumbushwa, akakumbushwa tena. Na hata hivyo watoto 46 katika mia hawakufika.

Sharti niseme pia juu ya baba aliyekataa, kwa kuwa jambo hili halimhusu yeye peke yake. Wazazi wengi, wakiambiwa jicho liondolewe, huona heri kufa kuliko kuishi chongo. Wazee wangu, nisameheni nikinena mbele yenu. Katika miaka ya 1950 alikuwako Mulago daktari mpasuaji aliyeitwa Denis Burkitt. Alipokuwa mvulana wa miaka 11 kwao Ireland alipoteza jicho moja. Mwaka 1957 aliitwa wodini kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, ugonjwa ambao hapana aliyeweza kuutaja. Muda si mrefu akaenda Jinja, kwa barabara ile ile ipitayo hapa Nakawa, na akiwa hospitalini huko akachungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Akaanza kuuliza. Akachapisha karatasi zenye picha za wagonjwa, akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika: Je, mmewahi kuona mtoto kama huyu? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda motokaa kuukuu wakatembea maili kama 10,000 wakizuru hospitali mpaka Afrika ya Kusini. Kansa ile leo yaitwa kwa jina lake duniani kote, na dawa za kuiponya zipo. Madaktari wenye macho mawili walikuwa wamepita mbele ya watoto wale miaka mingi.

Nimemtaja pia kwa ajili ya zile karatasi zenye picha. Burkitt alituma picha pamoja na swali, akangoja jibu, kisha akaenda mwenyewe. Programu ya simu ni karatasi ile, imefanywa nyepesi na ya haraka. Haitakwenda yenyewe.

Na mahali pa kwenda pako. Sisi wa Nakawa hatuna haki ya kulalamika juu ya umbali: Hospitali ya Naguru, iliyofunguliwa mwaka 2012, imo humu humu katika tarafa yetu, na Mulago na Mengo zenye kliniki za macho mtu mzima aweza kuzifikia kwa miguu ikibidi. Kwa retinoblastoma hasa, hospitali ya macho ya Ruharo, karibu na Mbarara, imekuwa na kazi kubwa kwa miaka mingi, ambayo Daktari Keith Waddell aliijenga pamoja na wenzake Waganda. Tangu mwaka 2009 hivi watoto wamepewa dawa za kansa huko, na wanaopona wameongezeka. Mbarara ni kama kilometa 270 kutoka Kampala. Mama hawezi kwenda mara moja tu, maana dawa hizo hutolewa kwa awamu, na mtoto aliyepona hupaswa kutazamwa tena miaka mingi. Basi nauli si kitu kidogo. Kwa mama anayeuza nyanya soko la Nakawa, siku nne za kuwa mbali na meza yake zaweza kuwa nzito kuliko nauli yenyewe.

Haya ndiyo yaliyonifanya niandike. Mara kadhaa kwa mwaka tuna Jumapili ya wazazi. Nyote mwaijua: magari yamejaa uwanjani, vyakula katika sufuria zilizofungwa kwa vitambaa, na mama zetu wamekuja na wadogo zetu, wengine mgongoni. Siku hiyo wanakuwako hapa shuleni watoto wengi wa chini ya miaka mitano, wametulia (kwa muda) kwa sababu wanakula. Chama cha Sayansi kingeweza kupewa chumba kimoja chenye mapazia, simu moja yenye taa, na nesi wa shule kusimamia. Picha yapigwa katika chumba chenye giza kidogo, mtoto akitazama kamera, taa ikiwaka, na ile sehemu ya simu inayofuta macho mekundu ikiwa imezimwa, kwa sababu inafuta ndicho tunachokitafuta. Zipigwe picha kadhaa. Mtoto akitazama pembeni kidogo, mwanga hugonga mahali ambapo mshipa mkuu wa jicho huingilia, napo ni peupe, na jicho zima la afya huonekana bovu. Kwa hiyo picha moja isimtie mama hofu.

Mwenzangu mmoja aliyeyasoma haya kabla hayajachapwa aliuliza, kwa nini tusingoje serikali ifanye hivi siku za chanjo, mtoto anapoletwa kuchanjwa surua akiwa na miezi tisa, na tena akiwa na miezi 18? Ni swali zuri, tena nakiri kwamba ndiko mahali pake hasa, kwani huko hufikiwa karibu kila mtoto, nasi tutawafikia wachache wenye kaka katika shule hii. Wizara ikifanya hivyo kesho nitafurahi, na chumba chetu tutakirudisha kwa kwaya. Lakini mtoto mwenye uvimbe hangoji wizara.

Sasa wale wanne. Programu ile iliwakosa watoto wanne katika ishirini. Maana yake mama akiambiwa na simu kwamba hapana weupe, asiache kwenda hospitali akiwa ameona kitu kwa macho yake, au jicho likienda upande, au likiwa jekundu muda mrefu. Hatari ninayoiogopa mimi ni hii kuliko ile ya kutishwa bure. Aliyetishwa bure atapoteza siku moja Mulago, arudi akitucheka. Aliyetulizwa bure atampoteza mtoto. Basi nesi awe na neno la mwisho, na nesi akishuku, simu inyamaze.

Tena picha hizo ni za watoto wa watu. Tuna sheria ya mwaka 2019 inayolinda habari za mtu binafsi, na hata pasipo sheria, adabu yatosha. Zisitumwe katika makundi ya wanafunzi wa zamani, hata kwa nia ya kuomba sala au msaada. Mama apewe zake aende nazo, na za kwetu zifutwe.

Juu ya gharama, simu si tatizo. Programu ikishaingia simuni, bando halina kazi kubwa, na si kama mwaka 2018 tulipotozwa shilingi 200 kwa siku ili kuzungumza na rafiki zetu, ingawa kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti iliyoifuata mwaka 2021 nayo haikumfurahisha mtu. Hata simu pasipo programu yoyote, yenye taa tu na mtu anayejua anatafuta nini, itafanya sehemu kubwa ya kazi. Nasema hivi kwa sababu najua baadhi ya wanafunzi wetu wa zamani, wakisikia neno la msaada, watatuletea simu mpya kumi zikiwa katika maboksi, wapigwe picha wakizikabidhi. Tafadhali msilete simu.

Tunachohitaji ni watu wa namna tatu. Wawepo wenye kuchangia mfuko wa nauli na chakula cha njiani, utakaotunzwa na ofisi ya mhasibu wa shule, si na sisi. Awepo mganga au nesi kati yenu anayefanya kazi katika hospitali yenye kliniki ya macho, ambaye tutamwandikia jina la mtoto ili mama asifike pale kama mgeni asiye na mwenyewe. Na wawepo watu wa kumfuata mama: wa kumpigia simu Jumanne, na tena Ijumaa, na ikibidi kwenda kwake kuzungumza na baba kwa heshima, kwa lugha ya nyumbani. Hao wa mwisho ndio wagumu kupatikana, na bila wao mimi mwenyewe nitapiga kura chumba kisifunguliwe, kwa kuwa kumwonyesha mama jicho jeupe kisha kumwacha njiani ni ukatili.

Wenye nia wapeleke majina kwa katibu wa Chama cha Sayansi kabla ya Jumapili ya wazazi ya muhula ujao. Waandike pia ni siku zipi za juma wanaweza kuomba ruhusa kazini, maana wazazi huja Jumapili lakini kliniki za macho hufanya kazi siku za juma.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita